Mshenga Aliyepiga Hodi kwenye Simu

Alikuwa akipiga hodi kwenye simu. Hakusema haloo wala habari za huko. Alisema hodi, kwa sauti ambayo mtu angeitumia akiwa amesimama uani kwa watu, kofia mkononi. Kisha alinyamaza mpaka mtu wa upande wa pili aseme karibu. Wazee wengine nyumbani Kenya walicheka, wengine walidhani mtandao umekatika, lakini yeye hakuongeza neno kabla ya kukaribishwa. Alituambia kwamba simu humwingiza mtu sebuleni kwa watu bila kupitia mlangoni, na kwamba yeye hapendi kukutwa sebuleni hajulikani alivyoingia.

Sisi tulimwita Mshenga. Sidhani kama nusu ya Wakenya wa Jeddah waliomfahamu walijua jina lililoandikwa kwenye ikama yake, kile kibali cha kuishi. Kazi iliyomleta huko ilikuwa udereva wa familia moja ya mtaa wa Al-Rawdah: watoto shuleni, madam kwa fundi wa nguo, bibi mzaa baba hospitalini. Kazi iliyompa jina ilikuwa nyingine kabisa. Madereva, walinzi na vibarua waliotaka kuoa hawakuweza kumwomba kafili, tajiri aliyewadhamini, ruhusa ya kusafiri kila mara ukoo ulipoitisha kikao cha mahari. Kwa hiyo kule nyumbani simu iliwekwa juu ya meza, katikati ya chupa za soda na sahani za chapati, na huku Mshenga aliketi ndani ya gari, redio imezimwa, akausemea upande wa mwanamume. Bwana harusi mtarajiwa alikaa kiti cha nyuma bila kusema kitu. Hiyo ilikuwa amri.

Mimi nilikuwa dereva wa kampuni ya vipuri, na gari langu lilikwenda Jeddah na Riyadh kwa zamu, kwa hiyo nilimwona mara nyingi na kwa miaka mingi. Nilikaa kwenye gari lake vikao vinavyotosha kujua mtindo wake. Hakusifia mtu kupita kiasi. Hakuvuta bei kama mtu wa sokoni. Akikasirishwa aliomba maji, ingawa chupa ilikuwa pale pale mapajani mwake, ili wa upande wa pili wasikie kwamba anakunywa na wao wapate nafasi ya kujirekebisha. Mjomba mmoja wa bibi harusi alimwambia kwamba anazungumza kama anauza gari. Mshenga alikunywa maji, akamjibu kwamba angekuwa anauza gari angelisifia.

Siku moja madam alitoka dukani mapema akaingia garini kikao kikiwa katikati. Mshenga alimweleza kwa Kiarabu chake cha barabarani kwamba hiyo ni posa, kuna kijana anaombewa mke. Tulitarajia yalla, twende. Madam akamwonyesha kwa mkono aendelee, akazima simu yake mwenyewe, akaketi kimya mpaka mwisho, haelewi neno. Kwa wiki nzima baadaye alimuuliza kila asubuhi kama wale watu wamekubali. Walipokubali alimpa Mshenga boksi la tende ampelekee kijana.

Malipo hakupokea. Alichodai ni kimoja: siku ya harusi mtu arekodi vigelegele amtumie. Simu yake ilijaa vigelegele vya harusi ambazo hakuhudhuria, za watu ambao wengine hakuwahi kuwaona. Alivicheza asubuhi akiosha gari. Mpishi wa nyumba ile, mama wa Kiislamu tuliyemwita Dada wa Likoni, alisema kwamba watoto wa madam walidhani ni aina ya muziki wa Kenya na walikuwa wakivijibu kutoka dirishani.

Kuna mambo mawili aliyoyashikilia kuliko yote. La kwanza, mzazi hasemi kwenye kikao cha mtoto wake. Mzazi ana uchungu, alisema, na uchungu huharibu bei na huharibu maneno. Mwanawe wa kiume alipooa, kazi ya kusema aliachiwa Mlinzi, rafiki yake aliyelinda jengo la jirani na aliyetuongozea maombi ya Ijumaa chumbani kwake, kwa sauti ya chini. Mlinzi alisema vibaya siku hiyo. Alihubiri badala ya kuzungumza. Mshenga alikaa pembeni, ngumi mdomoni, jasho likimtoka na kiyoyozi kinavuma, lakini hakufungua kinywa.

La pili, mshenga lazima awe ametumwa. Swali la kwanza analoulizwa baada ya karibu ni hilo: umetumwa na nani? Kibarua mmoja wa ujenzi alikuwa amegombana na baba yake, akataka aombewe mke bila mzee kujua. Mshenga alikataa. Alimuuliza, "Nikiulizwa nimetumwa na nani, niseme nimetumwa na wewe? Wewe ndiye unayeoa." Halafu, bila kumwambia yule kibarua, alianza kumpigia mzee mwenyewe. Mzee alikata simu. Alipiga tena, hodi, simu ikakatwa. Hilo liliendelea kwa muda mrefu, mpaka siku mzee alipochoka akasema karibu, na wakazungumza habari za ng'ombe. Kijana hakutajwa siku hiyo wala siku iliyofuata. Mwisho wake mzee alituma ujumbe mwenyewe kwamba Mshenga aende akamsemee mwanawe. Kibarua alilia pale kiti cha nyuma, na Mshenga akamkumbusha kwamba kiti cha nyuma hakina sauti.

Nasimulia haya ili ieleweke ni mtu wa namna gani aliyerekodi ile sauti.

Wakati huo habari za nyumbani zilikuwa zimejaa mabishano ya ndoa za jinsia moja. Kulikuwa na kesi, kulikuwa na mswada, kulikuwa na wabunge na maaskofu na masheikh kwenye televisheni, wengine wakitaka sheria ikazwe, wachache wakisema iruhusu. Kundi letu la simu halikuwa na mazungumzo mengine. Nchi tuliyokuwamo si nchi ya kuzungumza jambo hilo mgahawani, kwa hiyo yaliyosemwa kwa mdomo yalisemwa kwenye gari la Mshenga, vioo vimepandishwa, katika maegesho ya nyuma ya duka kubwa madam alikokuwa akinunua vitu.

Jioni moja tulikuwa wanne mle ndani. Mlinzi alitaja Mwanzo na Walawi na akasema mjadala umefungwa. Fundi wa viyoyozi, mtu wa Kisumu aliyepanga chumba mtaa wa Ruwais, alisema mjadala haujafungwa kwa sababu sheria si mahubiri. Sheria, alisema, ni ya siku ya hospitali na siku ya mazishi.

"Mtu amelazwa, hajitambui," alisema. "Nani anaitwa?"

"Ndugu zake," Mshenga alijibu.

"Na ndugu wakiwa walimkataa?"

"Ndugu hawakatai."

"Mzee, wewe mwenyewe umempigia mzee wa watu simu msimu mzima kwa sababu alimkataa mwanawe."

Mlinzi alicheka. Mshenga hakucheka. Aliniangalia mimi kwenye kioo, nikatazama nje. Kisha akaishika simu, kwa kuwa hoja zake alipenda kuzitoa kwa sauti na si kwa maandishi, akabonyeza, akazungumza na kundi zima. Nilikuwa nimekaa nyuma ya kiti chake, kwa hiyo nayakumbuka maneno. Alisema yeye amesemea ndoa nyingi na anajua ndoa ni nini. Ndoa si watu wawili wanaopendana, kwani watu wanaopendana wako kila mahali. Ndoa ni watu wawili waliotumwa na watu wengi. Hao mnaotaka wahalalishiwe, aliuliza, wametumwa na nani? Kikao chao kiko wapi? Akavuta pumzi, na hapo nilidhani amemaliza. Akaongeza: "Na hata angekuwa binti yangu. Akija na hilo, atafute baba mwingine wa kumtuma."

Fundi alisema halas, tumekusikia, akafungua mlango akashuka.

Ile sauti ilisafiri. Madereva hawaandiki, husambaza. Ilitoka kundi letu ikaenda la Riyadh, la Dammam, ikarudi nyumbani, ikaingia makundi ya kanisa. Watu walisema huyu mzee amenena bila matusi na bila kelele, jambo ambalo ni kweli. Mlinzi alikuwa mwenye furaha kuliko wote. Aliniambia kwamba mchungaji wa kwao ameomba irekodiwe nyingine, ndefu kidogo.

Mshenga alikuwa na binti mmoja, wa mwisho. Alifanya kazi jikoni katika hoteli huko Afrika Kusini na alimpigia baba yake kila Ijumaa. Tulimjua kwa sauti, kwa sababu Mshenga aliiweka simu yake wazi kwa kila kitu. Ni yeye aliyekuwa akimtania baba yake kwa kupiga hodi kwanza, na kumlazimisha aseme karibu. Mara nyingine mwenzake wa nyumba, msichana wa hukohuko, alipita nyuma ya mazungumzo, akasalimu kwa Kiswahili cha kufundishwa, shikamoo baba, na Mshenga akajibu marahaba na kumuuliza kama amekula. Alimwita rafiki wa mtoto. Alimpenda, nadhani, kama unavyompenda mtu usiyelazimika kumfikiria sana.

Ijumaa iliyofuata binti hakupiga. Nyingine pia hakupiga. Mambo hayo niliyapata kwa Dada wa Likoni, ambaye nilimletea mzigo wake kutoka soko la Sharafiya na ambaye hakuwa mtu wa kuficha. Alinieleza kwamba Mshenga alipoona kimya kimezidi alimwandikia binti, kitu ambacho hakuwahi kufanya, akamuuliza kama anaumwa. Jibu lilikuja. Lilikuwa ile sauti yake mwenyewe, amerudishiwa, bila neno lingine.

"Akaja jikoni akanisikilizisha," Dada wa Likoni alisema. "Nikamwambia, baba, zima, mimi nilishaisikia kama wote. Akasema, hapana, sikiza pale mwisho. Hapo ndipo nilipofahamu."

Nilimuuliza alimwambia nini.

"Nilimwambia, sikiza, baba. Yule mtoto hajakuuliza mambo ya sheria. Amekuuliza wewe ni nani wake. Akanambia, wewe ni Mwislamu, utakubalije mambo haya? Nikamwambia sijasema nakubali. Dini yangu naijua. Lakini mimi nina wanangu watatu Likoni nawalea kwa simu, na sijaona wa kumtoa."

Tangu hapo Mshenga alikataa kusemea watu. Alisema sauti imemtoka, akajifunga kitambaa shingoni kwenye joto la Jeddah. Dereva mmoja aliyekuwa amepangiwa kikao alisemewa na Mlinzi, na posa hiyo ikavunjika. Asubuhi gari lilioshwa bila vigelegele. Watoto wa madam walimuuliza muziki umeenda wapi, akawaambia mafi, umeisha. Kwenye kundi aliendelea kupongezwa na hakujibu. Hakuifuta ile sauti, hakuikana, wala hakusema ameeleweka vibaya. Fundi wa viyoyozi, aliyekuwa na haki ya kumcheka, alikuja siku moja na gesi akamtengenezea kiyoyozi cha chumba chake cha uani, wakazungumza habari za gesi.

Baadaye mtoto mkubwa wa ile familia, aliyekwisha kumaliza chuo, alipata kazi Riyadh, akaoa, na Mshenga akahamishwa amfuate. Nilikaa miezi mingi bila kumwona. Nilipomwona tena ilikuwa Jumamosi asubuhi, nimepeleka vipuri upande ule wa mji, naye alikuwa amenitumia ujumbe kwamba nikimaliza nipite. Nilimkuta kwenye banda la magari nyuma ya nyumba. Alikuwa amekonda. Kitambaa cha shingoni hakikuwapo. Gari lilikuwa limeoshwa na ndani yake mlikuwa na chupa ya chai na vikombe viwili, na simu imewekwa kwenye kishikio chake kama siku za vikao.

Aliniambia niingie nipandishe kioo. Alinimiminia chai. Kisha akasema, bila kuzunguka, kwamba yule rafiki wa mtoto amemwandikia.

Nilitaka kujua ameandika nini. Alinieleza kwamba ameandika kwa kifupi, binti hajui. Kwamba siku ya kufunga ndoa yao kwenye ofisi ya serikali huko imewekwa. Kwamba kabla ya hapo mama yake yule msichana ameitisha kikao nyumbani kwake, kwa desturi yao, kwa sababu hata wao wana desturi, na ameuliza nani atakuja kusema upande wa mwali wa Kenya.

"Mtoto akajibu hakuna," Mshenga alisema. "Hivyo ndivyo alivyoandika. Ameulizwa nani anakusemea, akajibu hakuna mtu."

Alikunywa chai yake polepole.

Nilimuuliza kikao ni lini. Akaangalia saa ya gari, akasema ni sasa hivi, wanakaa.

Nikamuuliza kama amebadili mawazo. Nilitaka kuelewa, na nadhani alitarajia niulize.

"Sheria?" alisema. "La. Ukiniuliza leo kama nyumbani waipitishe, nitakwambia wasiipitishe, na nitakupa sababu zile zile. Huko aliko ilishapita zamani, hakuna aliyenipigia simu kuniuliza."

"Kwa hiyo unakubali hii moja."

"Sijasema nakubali. Nimesema hatakaa pale mbele za watu bila mtu."

"Tunaposa au tunaposwa?"

Aligeuzageuza kikombe chake. "Sijui," akasema. "Nimelitafakari wiki nzima. Leo hatuposi. Leo tunapiga hodi tu. Wakitukaribisha, tutajua hukohuko."

Nilimwambia mimi si mshenga, sijawahi kusemea hata mbuzi. Afadhali Mlinzi, ambaye angalau ana uzoefu. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa jambo la kitoto. Mlinzi, alisema, bado anaicheza ile sauti.

"Basi fundi."

"Fundi atawapongeza. Sitaki pongezi." Akaisogeza simu upande wangu. "Wewe siku ile ulinyamaza. Nilikuona kwenye kioo. Nenda hivyo hivyo. Sema kidogo."

Alinifundisha kwa dakika chache. Hodi, halafu nisubiri, hata kimya kikizidi nisubiri. Nisitaje ile sauti. Nikiulizwa swali la desturi nisilolijua, niombe maji. Akaniwekea chupa mapajani. Kisha akabonyeza namba ya yule msichana, akaegemea mlango wake, akaweka ngumi mdomoni.

Simu iliita muda mrefu. Ilipopokewa, chumba kilisikika: viti, kikombe kinawekwa kwenye kisahani, mwanamke mtu mzima akizungumza lugha ambayo siijui. Simu ilikuwa mezani. Niliufahamu mlio huo.

"Hodi," nikasema.

Yale mazungumzo ya kule yalikatika. Nilisubiri kama nilivyoagizwa. Nilisikia mtu akinong'ona, na mwingine, nadhani yule msichana, akisema neno moja kwa upole. Halafu ikaja sauti ya binti, karibu sana na simu. Haikuwa sauti ya utani wa Ijumaa.

"Nani?"

"Ni mshenga," nikasema. "Nimekuja kusema upande wa mwali."

"Mshenga." Alilirudia kama anayelipima. Alikuwa amekulia nyumba ambayo swali linalofuata lilijulikana na kila mtu. "Umetumwa na nani?"

Kwa hilo nilikuwa nimeandaliwa. "Nimetumwa na baba yako."

Hakukata simu. Nilisikia akivuta pumzi, na nyuma yake yule mama akiuliza kitu na kujibiwa. Mshenga alikuwa amefumba macho. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso kama siku ile ya mwanawe, na nikawaza kwamba sehemu ngumu imepita.

"Baba yupi?" binti akauliza.

Kwa hilo sikuwa nimeandaliwa. Nilishika chupa ya maji. Nilimtazama Mshenga, nikidhani atanionyesha la kusema kwa vidole. Badala yake aliondoa ngumi mdomoni, akaikunja shingo yake ndefu akaisogelea simu mpaka kidevu kikagusa kishikio.

"Yule yule," akasema.